Jino la Mbele

Haya nilihadithiwa na Bi Mwanjaa, mwenzangu wa handaki moja huku Bondeni, mwaka ule nzige walipokula hata turubai. Tulikuwa tumelala chali tukingoja jua lipungue. Yeye alikuwa mtu wa kunyamaza, kwa hiyo alipoanza kusema sikumkatiza. Ya maabara aliambiwa na bintiye, ya mwisho aliyaona mwenyewe, na pale ambapo mambo ya kitaalamu yalinishinda nilimuuliza mpaka nikaelewa.

Bintiye huyo, Mwamvita, alikuwa msomaji wa meno kule Mlimani. Mtu akidhaniwa kuwa ametimiza hamsini, huitwa, akang'olewa jino moja la mbele la chini, na jino hilo ndilo linaloamua kama atabaki kwenye ubaridi au atashuka huku Bondeni kuwapisha wengine. Vyeti vya kuzaliwa vililala chini ya bahari pamoja na miji iliyovitoa. Nyuso nazo hazikufaa kuulizwa, maana jua lilikuwa limezikunja zote, mtu wa thelathini na mtu wa sitini wakawa kama mapera yaliyookotwa chini ya mti mmoja. Na vinywa? Nani atakayesema kweli umri wake, hali anajua jibu litampeleka kwenye joto? Basi likabaki jino.

Siku hiyo waliingia maabara watu wawili, mwanamke na mwanamume, pua moja, paji la uso moja. Mwanamke aliitwa Kurwa, msuka mikeka. Mwanamume alikuwa Doto, mbeba maji. Wote wawili walikuwa na pengo bichi mbele.

"Dada," Kurwa akamwambia Mwamvita, "mimi na huyu tulitoka tumbo moja siku moja. Yeye mmemwambia ana arobaini na mbili. Mimi mmeniambia hamsini na nne. Nieleze, nami nitakwenda."

"Labda nilichelewa mlangoni," Doto akasema. "Nilikuwa natafuta viatu."

"Nyamaza wewe. Anayeshuka ni mimi."

Bwana Singano, msimamizi wa maabara, alikuwa amesimama karibu na dirisha akisafisha miwani kwa ncha ya shati. "Mama, majina ya Kurwa na Doto hayathibitishi kitu," akasema, si kwa ubaya. "Wapo waliojipa majina hayo ukubwani ili waje waseme maneno haya haya."

"Na pua, baba? Nayo tulijipa ukubwani?"

Singano akamtazama Mwamvita, naye Mwamvita akatazama meza.

"Nina mtoto ambaye hajang'oa hata jino la utotoni," Kurwa akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Watoto hawashuki, najua. Lakini mnaniambia nimwachie nani? Huyu? Huyu hata uji anaunguza."

"Ni kweli, naunguza," Doto akasema.

Mwamvita akamwahidi Kurwa kulisoma jino lake mara ya pili, akawaomba wakae kwenye benchi la nje.

*

Jino si jiwe. Chini ya ule weupe wa nje kuna dentini, mfupa wa ndani uliojaa vijimirija vyembamba, vimesimama pamoja kama mabua shambani, na katikati yake kuna chumba kidogo chenye nyama na mshipa. Mtu anapoendelea kuishi, dentini huendelea kujijenga kwa upande wa ndani, na kile chumba hupungua. Ni kama nyumba ambayo kila mwaka mwenyewe anaipiga lipu nyingine juu ya lipu ya zamani, mpaka kitanda kinakosa pa kukaa.

Maabara ya Mlimani ililaza jino katika tindikali mpaka likawa laini kama nyama ya dafu. Kisha walilikata utando mwembamba, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, wakautia kwenye rangi ya zambarau waliyoichemsha wenyewe kutoka kwenye magogo. Rangi ile ilikuwa na tabia moja: ilikolea kwenye mstari unaotenga dentini ya ujanani na lipu ya baadaye. Chini ya hadubini ungeuona mstari huo kama wino. Ukipima unene wa lipu kutoka hapo kwenda ndani, ukalinganisha na jedwali la ukutani, unapata miaka.

Mwamvita akapima tena. Mstari ulikuwa wazi, rangi imeshika vizuri, lipu nene. Hamsini na nne. Akapima kwa kuanzia upande mwingine, akapata hamsini na tano.

Akatoka nje kwenda kumwambia.

Kurwa alikuwa hakukaa bure. Watu wa kazi ile hawakai bure, maana bila mikeka ya kivuli hakuna mche unaopona Mlimani, na kila mkeka huliwa na jua kabla msimu haujaisha. Alikuwa na fungu la ukindu mapajani. Alishika jani, akaling'ata kwa meno ya mbele, akalivuta kwa mikono miwili mpaka likachanika katikati, kisha akakibana kichwa cha ukili, ule utepe wa kusukia mkeka, mdomoni, kando ya lile pengo, akaanza kusuka akiuvuta kwa shingo.

Mwamvita alikuwa ameliona jambo hilo maisha yake yote. Mama yake alisuka hivyo. Bibi yake alisuka hivyo, akasema na watoto huku ukili uko mdomoni, nao wakazoea kuyaelewa maneno yaliyobanwa. Hakuna mtu anayemtazama msuka mikeka mdomoni. Lakini siku ile alisimama mlangoni akatazama, na ile hamsini na nne hakuitamka.

Kwa sababu jino linaloliwa kwa nje hujikinga kwa ndani. Hilo alilijua, alifundishwa. Likisagwa kila siku, haliungojei umri, linapiga lipu kwa hofu. Na jedwali la ukutani lilikuwa limetengenezwa kwa meno ya wabeba mizigo, wale wa kwanza kupanda Mlimani, watu ambao umri wao ulijulikana na ambao meno yao ya mbele hayakufanya kazi nyingine zaidi ya kucheka.

"Bi Kurwa," akasema. "Nitahitaji gego."

Kurwa akautoa ukili mdomoni. "Jingine? Mtaniacha na ufizi."

"Chukueni langu," Doto akasema. "Ni la tarehe ile ile."

"La kwako pia nitalichukua," Mwamvita akamwambia, na Doto akaacha kucheka.

Safari hii magego hayo mawili hakuyatia tindikalini. Kuna alama nyingine ya umri ambayo haitaki rangi yoyote. Vile vijimirija vya dentini, mtu anapozeeka, huzibwa kimoja kimoja kwa chokaa, kuanzia kwenye ncha ya mzizi kupanda juu, na sehemu iliyozibwa hupitisha mwanga, inakuwa kama ukucha. Kutafuna na kung'ata hakuiharakishi sana. Lakini tindikali huiosha chokaa hiyo, na alama nzima hupotea kabla hujatazama. Mwalimu wake aliwahi kumwonyesha njia ya kulisugua jino kavu juu ya jiwe mpaka libaki jani tu. Iliachwa kwa sababu ilikula muda na foleni ilikuwa ndefu.

Akasugua mpaka vidole vikachubuka. Jioni akayainua magego mawili mbele ya dirisha. Mizizi yote ilikuwa na weupe wa maziwa, na pale nchani palikuwa na uangavu kidogo, kwa Kurwa na kwa Doto sawasawa.

*

"Unajua kwa nini waasisi walichagua jino la mbele?" Bwana Singano akamuuliza.

"Kwa sababu ni rahisi kung'oa."

"Kwa huruma. Walisema mtu anayeshuka atakuta makopa magumu ya muhogo huko chini, tusimnyang'anye gego la kutafunia. Jino la mbele ni la urembo tu. Ndivyo walivyosema." Aliyaweka yale magego mezani polepole, kana kwamba yangeweza kuumia. "Wote walikuwa wanaume. Wabeba mizigo."

Mwamvita akayasogeza magego mbali na ukingo wa meza.

"Kurwa atabaki," Singano akasema. "Nitasema rangi iliharibika. Na kuanzia kesho tutang'oa gego na kulisugua kavu, nitatafuta mawe. Hakuna msuka mikeka atakayeonewa tena. Umefanya kazi nzuri, Mwamvita."

"Na walioshuka?"

"Hapo ndipo tutakaponyamaza."

"Bwana Singano, ni wanawake wengi."

"Nafasi za Mlimani hazizai. Maji ni yale yale. Ukiwapandisha hao, umri wa kushuka utateremka mpaka arobaini na kitu. Hilo la kwanza." Alivaa miwani yake. "La pili ni baya zaidi. Watu hawatasema wasuka mikeka walionewa. Watasema jino ni uongo. Wewe ulikuwa mdogo kabla ya jino. Unajua tulikuwa tunatumia nini?"

"Nimesikia."

"Umesikia. Mimi niliona. Marungu. Mwenye watoto wa kiume wengi hakushuka hata awe kikongwe wa kubebwa. Asiye na mtu alishuka ana thelathini. Baba yangu alishushwa akiwa na mkono uliovunjika, na aliyemvunja alikuwa jirani yetu, tulikuwa tunakula naye." Akamgeukia Mwamvita. "Katika wasuka mikeka uliowasoma wewe mwenyewe, yumo na mama yako, sivyo?"

"Yumo."

"Basi nenda kamtazame. Chukua koleo, uwang'oe na wengine meno mabovu, nitakuandikia ruhusa. Ukirudi, utanijibu. Sitakulazimisha. Lakini usinijibu leo."

Ndivyo alivyoshuka, na swali lenyewe ni hilo: aseme, na pengine avunje kitu pekee kilichowazuia watu kupigana, au anyamaze, na wanawake wale wafie kwenye joto wakiamini kuwa zamu yao ilifika.

*

Huku Bondeni tunafanya kazi alfajiri na magharibi. Mchana tunalala ndani ya mahandaki, kwa sababu atakayesimama nje saa sita hataiona saa nane. Mwamvita alifika asubuhi jua likianza kuuma, akawang'oa watu wawili watatu meno yaliyooza, kisha mama yake akamvuta ndani na kushusha turubai la mlangoni.

Walikuwemo wanawake wengine humo, wanajilaza ukutani penye udongo baridi. Mmoja alikuwa mgeni, ameshuka juzi, analia kwa kwikwi za kuchoka. Bi Mwanjaa alikuwa akimpepea kwa kipande cha mkeka.

"Zamu ni zamu, mwenzangu," alikuwa akimwambia. "Jino halimjui mtu. Hata mimi nilisomwa na mwanangu wa kumzaa, huyu hapa, na hakunipunguzia hata mwaka. Lala."

Yule mgeni akamtazama Mwamvita, akavuta kamasi, na kweli akatulia. Baada ya muda akalala. Mwamvita alikaa na mkoba wake magotini. Maneno aliyoyashusha kutoka Mlimani yakawa mazito kuliko alivyoyabeba.

"Umekonda," mama yake akasema.

"Wewe je?"

"Mimi huku ndiko kwenye kukonda, wewe una kisingizio gani?" Bi Mwanjaa akakaa karibu naye. "Sema. Hukuja kwa sababu ya meno mabovu ya watu."

Mwamvita akasema. Alimweleza yote kwa sauti ya chini, ya Kurwa na Doto, ya lipu na tindikali, ya magego dirishani, ya Bwana Singano. Alisema akitazama chini. Alipomaliza, aliona mama yake bado anapepea, ingawa hakukuwa na mtu wa kupepewa.

"Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba," Bi Mwanjaa akasema. "Siku uliponisoma, wewe ulikuwa na ishirini na sita. Hesabu hiyo haitaki rangi."

"Ulijua?"

"Mtu hajui umri aliozalia?"

"Mimi nilidhani ulinizaa ukiwa mtu mzima. Nilidhani umekuwa ukinificha, kama wanavyoficha wote. Kwa nini hukusema, mama?"

"Niseme mbele ya nani? Kila anayeshuka anasema. Na wewe ndio kwanza ulikuwa umepewa hadubini, ulikuwa na wiki chache tu pale. Ningepinga, wangesema binti mtu hajui kusoma, au mama mtu anambembeleza bintiye. Wangekutoa. Ungekwenda kubeba maji." Akauweka upepeo chini. "Nikasema moyoni, pengine wao wanajua zaidi. Mwili wa msuka mikeka unachoka mapema, pengine jino linahesabu uchovu. Nikajilaza hapa kwa maneno hayo. Yananitosha siku nyingine. Siku nyingine hayatoshi."

Mwamvita akaanza kulia, lakini bila sauti, asimwamshe mgeni.

"Acha," mama yake akasema. "Machozi ni maji, na huku maji yanapimwa. Koleo unalo?"

"La nini?"

"Wakikuuliza ushahidi utawapa nini? Jino la Kurwa ni la mtu aliyeko juu. Utakwenda kusema walioshuka walionewa, mkononi huna jino hata moja la aliyeshuka."

"Sijasema kwamba nitasema."

"Sikukuuliza hilo. Nimekuuliza koleo."

Bi Mwanjaa alikuwa amebakiwa na magego machache, na Mwamvita alipomulika ndani ya kinywa aliona ni upande mmoja tu uliokuwa ukitafuna. Akasita. Bi Mwanjaa akamsukuma mkono. Mwamvita akabana karafuu kwenye ufizi, akangoja ganzi iingie, kisha akavuta. Lilitoka kwa shida, na yule mama hakutoa sauti zaidi ya pumzi ya puani. Damu akaitema kwenye mchanga, akaifukia kwa kisigino.

"Sasa nisomee."

"Hapa?"

"Jua unalo. Jiwe lile la kunolea panga. Unataka nini tena?"

Basi akasugua, upande mmoja na mwingine, wanawake wakikoroma ukutani, mpaka mzizi ukabaki bapa kama mbegu ya boga. Akasogea mlangoni, akafunua upenyo mdogo wa turubai, mwanga ukaingia mkali kama kitu kilichomwagwa. Akaliinua jino. Uangavu ulikuwa umepanda kutoka nchani, umepita ule wa Kurwa, lakini haujafika pale unapofika kwa mtu wa hamsini.

"Arobaini na tisa," akasema. "Au karibu yake."

"Ndiyo. Arobaini na tisa."

"Mama, umebakiwa na mwaka mmoja tu. Hata nikisema, hata wakikubali leo leo, ni mwaka mmoja, kisha utarudi hapa hapa."

"Mwaka mmoja una mvua mbili," Bi Mwanjaa akasema. Alisema vibaya kwa sababu ya kitambaa alichokuwa amebana kwenye pengo, lakini Mwamvita alizoea kuyaelewa maneno yake yakiwa yamebanwa. "Masika na vuli. Nitalala chini ya blanketi. Nimesahau uzito wa blanketi."

"Na atakayeshuka kwa ajili yako?"

"Atashuka kwa zamu yake. Mimi nilishuka kwa zamu ya mtu."

"Na marungu yakirudi?"

Mama yake alimtazama yule mgeni aliyelala mdomo wazi, nzi akitembea juu ya mdomo wake, akamfukuza nzi huyo.

"Hilo silijui, mwanangu," akasema mwisho. "Ungetaka mama wa kukuambia niache mimi, nimezoea, nenda ukaishi kwa amani. Nimejaribu kuyatafuta maneno hayo tangu ulipoanza kusema. Sina. Nataka kurudi nyumbani. Lakini usiniulize mimi kama inafaa, maana jibu langu unalijua, na si la haki, ni la kiu."

Mwamvita akashusha turubai, giza likarudi. Akajilaza kando ya mama yake kama alivyolala utotoni, mgongo kwa kifua, ingawa joto halikuruhusu miili kugusana. Alikuwa na safari ya kupanda jioni, na huko juu mtu anangoja jibu. Bi Mwanjaa alihisi pumzi za mwanawe zikienda mbio, zikapungua, zikapungua tena. Ngumi iliyoshika gego haikufunguka hata alipopitiwa na usingizi.

Mama yake alibaki macho kitambo. Alikuwa akipitisha ulimi penye shimo jipya, anapima ukubwa wake, anajiuliza kesho atatafuna kwa upande gani. Nje, udongo ulikuwa ukipasuka kwa joto. Alitaka kumwamsha amwambie asiseme. Alitaka kumwamsha amwambie aseme. Alinyoosha mkono mara mbili na kuurudisha, na mara ya tatu mkono ukabaki pale pale njiani, juu ya mchanga, maana naye alikuwa amelala.